Mtambo wa Kurusha Jina

Usiku wa kuamkia leo niliota mdogo wangu Sefania amesimama uani kwangu, anajenga mtambo wa kurushia jina langu ng'ambo ya bonde.

Kabla sijaendelea, niseme kwanza kilicho cha kweli, ndoto nayo ibaki mahali pake. Binti yangu Niwaeli ameolewa ng'ambo, kwenye kilima kile kinachoonekana ukisimama mlangoni pa jiko langu. Wiki hii amejifungua mtoto wa kike, wa pili. Huku kwetu mlimani mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na wa pili huchukua la bibi mzaa mama. Na jina hatulitumi kwa mtu. Mwenye jina hulipeleka mwenyewe, kwa mdomo wake, akalitamka juu ya kichwa cha mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Kitovu kikidondoka na jina halijafika, basi, aliye karibu humpa mtoto jina analotaka.

Aliye karibu ni Nankondo, mama mkwe wa binti yangu. Mjukuu wa kwanza anaitwa Nankondo. Hilo ni halali yake, sikulipinga. Lakini daraja la miti limechukuliwa na maji, njia ya kuzunguka magoti yangu hayaiwezi, na Nankondo ameona nafasi. Ameanza kutangaza kwamba huyu wa pili naye ataitwa Nankondo. Nankondo Mdogo. Watoto wawili nyumba moja jina moja, kama sufuria za seti. Nilipompigia Niwaeli simu ili nilitamke jina humo humo, nilimsikia bibi yule nyuma yake akisema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba jina la kwenye simu ni upepo, halikai kichwani mwa mtu.

Nikalala na hasira hiyo kifuani. Ndipo nikaota.

Sefania ni fundi seremala. Mlango wa choo changu aliuanza wakati marehemu mume wangu yu hai, na mpaka leo una bawaba, ubao hauna. Katika ndoto amevaa suti aliyoolea, penseli iko sikioni, na ana uso wa mtu ambaye hajawahi kuchelewesha kazi. Ananieleza kwamba watu wa zamani walibomoa kuta za miji kwa mtambo kama huu. Namuuliza kama waliwahi kumaliza mlango wa choo. Anasema hayo ni mambo mawili tofauti.

Mtambo wenyewe si kitu cha kumtisha mtu. Miguu minne ya miti imesimama imeachana kama ya ng'ombe anayekojoa. Juu yake kumelazwa mti mrefu wa mkaratusi, umeshikwa katikati na chuma kimoja, unapanda na kushuka kama pembea ya watoto. Upande mmoja limening'inizwa sanduku la mawe. Upande wa pili imefungwa nguo, na ndani ya nguo unaweka kitu unachotaka kukirusha.

"Kizito kikianguka, chepesi kinaruka," Sefania anasema. "Ndiyo siri yote, dada."

Nikamwambia siri hiyo naijua tangu nilipoolewa.

Tukaanza na boga, kujaribu. Sefania akavuta kamba, sanduku likashuka, mti ukapanda. Boga likainuka kimo cha mbuzi aliyesimama, likatazama huku na huku, likakaa tena chini palepale.

Nikauuliza mti una shida gani.

"Sina shida," mti unasema. "Nimegawanywa sawa. Huku nusu na huku nusu. Fundi alisema asije mtu akalalamika."

"Tunataka kurusha, hatugawi urithi," namwambia Sefania.

Sefania anakuna kichwa kwa penseli. Ikabidi nimweleze kama mtoto: upande wa sanduku uwe mfupi, upande wa boga uwe mrefu, ili sanduku likishuka kidogo boga lipite njia ndefu. Akachomoa chuma, akakisogeza karibu na sanduku. Upande uliofanywa mfupi ukaanza kulia. Nikauambia unyamaze, wewe ndiwe utakayebeba sanduku, na katika nyumba yoyote anayebeba sanduku hapimwi urefu. Ukanyamaza, lakini uliendelea kupenga kamasi mpaka mwisho wa ndoto.

Tukataka kurusha mara ya pili. Hapo hapo, bila mtu kupiga hatua, ua wangu ukawa mbele ya kanisa. Kengele inalia. Mawe ndani ya sanduku yanaimba, sauti ya kwanza na ya pili, hata besi.

Sefania akavuta kamba. Sanduku likabaki hewani.

"Leo ni Sabato," jiwe la juu linasema. "Hatuanguki mpaka jua lizame."

Nikayauliza tangu lini mawe yakawa na dini. Likanijibu kwa upole mkubwa kwamba wao ni mawe ya mtoni, wamo majini tangu kuumbwa, na kama huko si kubatizwa niwaambie ni nini. Nimesali kanisa hilo tangu usichana wangu na sijaona muumini mkaidi kuliko lile jiwe.

Kusubiri jua lizame hatukuweza. Katika ndoto hiyo bonde lilikuwa limekaribiana, ng'ambo naiona kama ninavyouona mkono wangu. Niwaeli amekaa kibarazani na mtoto. Kitovu cha mtoto ni kirefu kama kamba ya kufungia ng'ombe, kimetambaa uani hadi kwenye nguzo ya zizi, na pale katikati kinachakaa. Kinakatika uzi baada ya uzi. Nankondo ameweka kigoda kando ya pale panapokatika, amekunja mikono, anangoja. Kila uzi ukikatika anatabasamu kidogo, kama mtu anayehesabu mahindi ya jirani.

Sasa tutapata wapi uzito usio na dini? Sefania akapendekeza ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe akianguka nani atamlipa mwenyewe. Akapendekeza mbuyu. Nikamwambia anitazame vizuri usoni.

Ndipo nilipoiona Kamati ya Daraja.

Kamati ya Daraja ni watu wa kweli, wapo kijijini. Tangu daraja liondoke wamekaa. Wanakaa asubuhi, wanaahirisha, wanakaa tena. Katika ndoto wameweka meza yao pale pale daraja lilipokuwa, miguu miwili ya meza iko ukingoni na miwili iko hewani, na birika la chai halimwagiki. Mwenyekiti ni Elifuraha, mwenye kitambi cha kuweza kuegemea.

Jiwe ni zito, lakini mtu aliyekaa muda mrefu ni mzito zaidi. Nikawaomba wahamie sandukuni. Hawakuuliza kwa nini. Waliuliza kama kuna viti. Tukawaingiza na viti vyao, na birika, na sinia la maandazi, na mti ukalia kwa mzigo ule. Mawe yakatoka kwa mstari, yakaenda ibadani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "tukivuta kamba mtaanguka."

Elifuraha akaweka kikombe chini. Akasema kuanguka hakumo kwenye ajenda.

"Liwekeni kwenye mengineyo."

Wakatazamana. Mmoja akasema mengineyo yapo, ndiyo, na ni ya mwisho, baada ya chai. Nikawamiminia chai. Wakanywa taratibu kama watu wasio na mto wala bonde wala mtoto wa kupewa jina. Wakafikia mengineyo. Mmoja akatoa hoja ya kuanguka, mwingine akaiunga mkono. Sefania akavuta kamba.

Kamati ikaanguka vizuri mno. Nitawapa haki yao, sijaona kamati ikitekeleza azimio kwa haraka ile. Mti ukapanda mbinguni unapiga mluzi. Boga likazunguka, nguo ikavutika, na pale juu, mahali pa kuachia, nguo haikuachia. Boga likapita juu ya vichwa vyetu, likashuka upande wa pili, likapita chini ya mtambo, likapanda tena. Likazunguka hivyo kama ng'ombe wa kusindika miwa. Mwishowe likatua katikati ya sinia la maandazi, na Kamati ikaliandika kama mgeni mwalikwa.

Nikaishika ile nguo niikague. Ilikuwa mbeleko yangu. Ile ya maua ya kahawia niliyombebea Niwaeli.

"Kwa nini hukuachia?" nikaiuliza.

"Kuachia sikufundishwa."

"Hilo ni boga tu."

"Sikuulizi ni nini," mbeleko inasema. "Uliniambia shika, nikashika. Uliniambia kaza, nikakaza. Siku ile mtoto alipoanza kutembea ulifungua fundo, ukanikunja, ukaniweka sandukuni. Hukuniambia basi. Mimi mpaka leo niko kazini."

Sefania akataka kucheka. Nikamtazama, akaona afadhali achonge penseli.

Kuna maneno yakikufikia unayapisha kwanza yapite. Kisha nikaieleza pole pole, kama ninavyomweleza mtu mzima, kwamba safari hii tutaifunga upande mmoja tu. Pindo moja litafungwa kwenye mti, hilo lishike mpaka kiama. Pindo la pili litavishwa tu kwenye msumari ulio kwenye ncha ya mti, kama kofia. Mti ukifika juu, pindo lile lichomoke lenyewe, kilichomo kiende zake.

"Na nikianza kushika?"

"Nitakuambia basi."

Ikakubali. Lakini msumari nao ukawa na yake. Msumari huo umenyooka, na unajivunia kunyooka kama mtoto wa mchungaji. Ulisema umetoka hivyo dukani na haujawahi kupindapinda mambo. Tukarusha boga la pili. Pindo likachomoka mapema mno, mti ukiwa bado unapanda, na boga likaenda nyuma yetu, likapita juu ya kanisa, likaangukia zahanati. Tukasikia mtu huko akiliambia likae kwenye foleni.

"Unaachia mapema," nikauambia msumari.

"Naachia kwa uwazi. Sifichi kitu."

Nikachukua mchi wa kinu, nikaupiga kichwani pigo moja. Ukapinda kidogo, kama kidole cha mtu anayeita kuku. Ukanyamaza. Wako wengi kijijini wangefaa dawa hiyo.

Boga la tatu likaruka sawasawa. Kamati ikaanguka, mti ukapiga mluzi, mbeleko ikajinyoosha, nikasema basi, pindo likateleza kwenye msumari. Boga likaenda mpaka katikati ya bonde. Sefania akafunga mbeleko upya, ikawa ndefu kuliko mwanzo, na boga la nne likafika ng'ambo kabisa, likatua miguuni pa Nankondo. Alilipigapiga kwa kidole kulisikiliza, akalipasua, akalitia chumvi, akaliinjika jikoni. Hakusema asante. Boga la wakwe kwake ni kodi.

Sasa njia ilikuwa imepatikana. Likabaki jina.

Nikaingiza vidole mdomoni, nikalitoa. Lilikuwa nyuma ya jino la mwisho. Nililiweka kiganjani nikalitazama. Nilitegemea kitu kikubwa kuliko hicho. Lilikuwa dogo kama kunde, limelika pembeni, lina vuguvugu.

Sefania akaliangalia, akaguna. Akasema, kwa mara ya kwanza neno la maana tangu ndoto ianze, kwamba mtambo haurushi kitu chepesi mno. Jiwe utalifikisha mbali. Unyoya hata uurushe kwa Kamati nzima utakuangukia miguuni.

Hapo tuko kliniki. Sikupanda gari, sikutembea, niko kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, na boga letu la pili limekaa mbele yangu kwenye foleni. Muuguzi akalichukua jina langu, akalitia kwenye ile nguo ya kuning'inizia watoto kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Halijafikisha uzito," muuguzi anasema. "Linatumiwa na nani?"

Nikakaa nikifikiri. Watoto wangu huniita mama. Wajukuu, bibi. Kijijini mimi ni Mama Niwaeli. Kanisani ni mama mzee. Sefania huniita dada. Aliyekuwa akiniita Nakiete ni marehemu mume wangu, jioni, akitaka maji ya kunawa, na yeye alipoondoka nadhani nusu ya jina alikwenda nayo.

Muuguzi akaandika. Akasema jina lisipoitwa hukonda. Dawa yake ni kuitwa, na lazima aliite mtu anayemaanisha.

Tukarudi kwenye mtambo, ukingoni mwa bonde. Nikamwambia Sefania aniite. Akaona haya, mdogo hamwiti mkubwa wake jina tupu. Akasema, "Nakiete, dada, samahani." Kunde ikabaki kunde. Nikaigeukia Kamati. Wakaliita wote kwa pamoja kama wanaita mahudhurio, na mmoja akajibu yupo. Halikuongezeka hata chembe.

Ng'ambo, nyuzi za kitovu zimebaki chache. Nankondo ameinuka kwenye kigoda. Amejifunga kitenge kipya, cha kutolea jina. Akaja mpaka ukingoni kwake, akaweka mikono kiunoni, akanitazama kama anavyotazama mboga iliyolala.

"Nakiete!" akaita. "Boga lako maji matupu."

Kiganja changu kikashuka. Nikatazama. Jina limekuwa kubwa kama yai la kuku.

Hapo nilielewa, na kuelewa kwenyewe kuliniudhi. Mimi na Nankondo ni rika moja. Tulichezwa ngoma pamoja, tulikaa dawati moja miaka ile michache tuliyosoma, na tangu hapo hatujapatana hata siku ya mazishi. Watu wote wengine wameniheshimu mpaka jina limekauka. Ni huyu tu aliyebaki chini ya jua anayeniita Nakiete, na ananiita kwa dharau, na anamaanisha.

Basi nikaanza kumchokoza.

Nikamwambia makande yake yanajulikana mpaka tambarare, mahindi yanalala macho na maharage yanashika zamu.

"Nakiete wewe, sema ukiwa na meno ya kuyatafunia."

Likawa kama embe. Nikamwambia nyumba yake ina akina Nankondo wawili na majirani tayari wanatafuta kuhama.

"Nakiete mwenye magoti ya kuazima! Ungekuwa na miguu ungekuja kuyasema hapa."

Likawa kama papai. Sefania akaja kunisaidia kulishika. Nikamuuliza Nankondo kama bado anaimba kwaya, au Mungu amejibu maombi ya watu.

Alipandwa na hasira. Alinitaja mara nyingi bila kuvuta pumzi. Nakiete uliyeolewa siku ya mvua, mbuzi wa mahari wakafika wanakohoa. Nakiete uliyeomba moto kwa jirani ukaurudisha umezimika. Nakiete, Nakiete, Nakiete. Jina linavimba mikononi mwetu, linang'aa kama mafuta. Nililiona lina sauti zote lilizowahi kuitwa nazo, ya mama yangu kisimani, ya mwalimu, hata ile ya jioni ya kuomba maji ya kunawa. Sikujua dharau ya mtu inaweza kurudisha vitu hivyo. Tukalitia ndani ya mbeleko. Mbeleko ikalipokea, ikasema, "Huyu namjua."

Nilikuwa nimebakiwa na tusi moja zuri. Nimelitunza miaka, linamhusu Nankondo, kofia yake ya harusi na bata wa mchungaji. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Sefania akanishika mkono, akanong'ona kwamba jina limefikia uzito wake. Likizidi hapo halitafika, kwa sababu kizito mno nacho huanguka karibu.

Ng'ambo umebaki uzi mmoja.

Sijawahi kumeza kitu kigumu kama lile tusi. Lilishuka na kofia yake na bata wake. Nikaufunga mdomo.

Sefania akavuta kamba. Kamati haikushuka. Elifuraha akasema azimio la kwanza lilihusu boga peke yake, jina linahitaji hoja mpya.

Mimi ni mtu wa subira. Nimelea watoto, nimelea mume, nimengoja mlango wa choo. Nikaenda sandukuni nikamwambia Elifuraha kwa sauti ya kawaida kwamba maandazi yamekwisha, mengine yako chini. Kamati nzima ikainama kutazama.

Ikaanguka.

Mti ukapanda. Mbeleko ikapaa nyuma yake, imejaa, imelikumbatia jina langu. Ikapita mgongoni, ikapita begani, ikafika juu. Nikaiona imeanza kukaza.

"Basi, mwanangu," nikaiambia.

Pindo likateleza. Jina likaenda.

Lilipita juu ya bonde likijiita lenyewe. Watu wa chini mashambani walisimama na majembe. Nankondo aliliona linakuja, akachukua ungo wake mkubwa, akaunyanyua alipige lirudi. Angenyamaza angefaulu. Lakini Nankondo hajui kunyamaza. Akafungua mdomo anitukane mara moja ya mwisho, akaanza "Na", na jina langu zima likaingia mdomoni mwake.

Akafumba. Macho yakamtoka. Shingo ikapanda, ikashuka. Alilimeza.

Uzi wa mwisho ukakatika. Kwa desturi mtu sharti aseme jina papo hapo, na Nankondo hawezi kuiacha nafasi ya kusema. Akamchukua mtoto kwa Niwaeli, akamnyanyua juu, akavuta pumzi ya kutangaza Nankondo Mdogo.

"Mtoto huyu," akasema, "ataitwa Nakiete."

Akashtuka. Akakohoa. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayepita penye utelezi. "Nakiete," akasema. Akajiziba mdomo kwa kitenge kipya, na bado tukalisikia likitokea kwa ndani. Niwaeli akaegemea ukuta wa baraza akacheka mpaka akashika tumbo, na mtoto akageuza kichwa kumtazama aliyemwita.

Nami nikataka kuitika, maana jina langu limeitwa. Nikafungua mdomo nimwambie Sefania kwamba ni mimi yule, ni mimi. Nyuma ya jino la mwisho hapakuwa na kitu.

"Wewe nani?" Sefania akaniuliza kwa adabu, kama anayeuliza mgeni.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, jogoo wa jirani amekwishamaliza kuwika na sasa anaparura tu. Nilikaa kitandani nikapangusa uso. Nikajiambia ndoto ni ndoto, mtu akilala na hasira huota hasira. Nikageuka kuutandika mto.

Foronya zangu nimezidarizi mwenyewe, kila moja ina ua kwenye kona na jina langu katikati, kwa uzi mwekundu wa kukaza, usiochuja. Ile niliyoilalia ina ua lake lote, halikupungua hata jani. Katikati hapana uzi. Pana matundu ya sindano, madogo madogo, yamejipanga herufi kwa herufi, Nakiete mzima mzima, na ukiinua mto dirishani mwanga unapita.

Hakuna mkasi ulioingia chumbani humo. Uzi nimeutafuta kitandani, chini ya kitanda, na ndani ya nywele zangu. Haupo. Kaulizeni ng'ambo.